Taa ya injini ilizaliwa Los Angeles: historia ya namba inayorudi kila ukiifuta

Kimya changu kilikuwa cha testi, wenyewe mnajua katikati ya muhula hapa chuoni panavyokuwa. Leo siwaletei siasa za serikali ya wanafunzi wala foleni ya bumu. Leo tuongee historia, ila ni historia ya kitu ambacho wengi hamkitegemei: kile kitaa cha rangi ya chungwa chenye mchoro wa injini, kinachowaka kwenye dashibodi za magari ya kizee na kukataa kuzima.

Mnakijua. Gari linapelekwa gereji, fundi anachomeka mashine, inatoka namba. Anabadilisha sensa, anaifuta ile namba, taa inazima, mwenye gari analipa na kuondoka anatabasamu. Siku tatu baadaye taa imerudi, na namba ni ile ile. Anarudi gereji, anaambiwa sensa ile ilikuwa feki, nunua nyingine. Analipa tena. Taa inarudi tena. Hapo ndipo watu huanza kusema magari ya kompyuta yana mashetani, bora yale ya kabureta.

Mimi nasema hakuna shetani. Kuna waraka umesomwa vibaya.

Sisi tunaosoma historia tunafundishwa jambo moja tangu mwaka wa kwanza: ukikutana na waraka, kabla hujauamini, uliza nani aliuandika, lini, kwa ajili ya nani, na alikuwa anatafuta nini. Ofisa wa kikoloni akiandika kwamba wenyeji wa wilaya yake ni wavivu, humalizi pale ukanakili kwenye desa lako. Unajiuliza alikuwa anataka wakalime shamba la nani. Barua yake ni ya kweli kwa maana kwamba aliiandika, ila inakueleza zaidi kuhusu shida yake yeye kuliko tabia ya watu wale. Basi ile namba ya hitilafu nayo ni waraka. Ina mwandishi, ina mwaka, na ina msomaji aliyekusudiwa. Na msomaji huyo wa kwanza hakuwa fundi wala mwenye gari.

Twende Los Angeles, Marekani, mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiendelea. Tarehe 26 Julai mji ulifunikwa na ukungu mzito, watu wakatokwa machozi barabarani na koo zikawawasha. Kuna waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa sumu. Haikuwa hivyo. Ule moshi uliendelea kuja mwaka baada ya mwaka hata baada ya vita kwisha, na wakubwa wa mji wakawa wanatafuta mchawi: mara viwanda, mara watu wanaochoma taka majumbani.

Aliyepata jibu alikuwa mtu ambaye hakuwa na habari na magari kabisa. Anaitwa Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, mwanakemia katika taasisi ya Caltech pale Pasadena. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kemia ya harufu na ladha ya nanasi. Mnaona mambo ya wasomi! Akachukua vifaa vile vile vya kunasa harufu ya nanasi akavielekeza kwenye hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua vizuri pamoja na gesi za oksidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, vinatengeneza ozoni. Ozoni hiyo ndiyo iliyokuwa inaharibu mimea na hata kupasua mipira. Kwa kweli mojawapo ya njia alizotumia kupimia ozoni ilikuwa vipande vya mpira vilivyokunjwa: unaangalia vinachukua muda gani kupata nyufa. Kumbukeni hicho kipande cha mpira wenye ufa, tutakutana na ndugu yake huko mbele.

Wenye mafuta hawakufurahi na walimpinga, ila hoja ilisimama: mchawi ni gari. Mwaka 1967 jimbo la California likaunda bodi yake ya kusimamia hewa, maarufu kwa jina la CARB, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon akasaini sheria ya hewa safi ya nchi nzima, iliyowataka watengeneza magari wapunguze gesi chafu kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Asilimia 90! Makampuni yalilia kwamba haiwezekani, yakapewa muda wa ziada mara kadhaa. Lakini kufikia magari ya mwaka 1975 mengi ya Marekani yalikuwa yamefungwa kile kichujio kwenye bomba la moshi ambacho wengine huku kwetu wanakiita masega, kwa jinsi ndani yake kilivyo na vitundu kama sega la nyuki.

Masega yana masharti mawili, na masharti hayo ndiyo yaliyoleta kila kitu kinachotusumbua leo.

Sharti la kwanza, hayataki petroli yenye madini ya risasi. Risasi iliingizwa kwenye petroli baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Ikipita kwenye masega inayapaka na kuyaua. Kwa hiyo Marekani ililazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Huku kwetu tulichelewa. Nchi za Afrika zilikubaliana kule Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Dunia nzima iliagana nayo mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Maana yake gari lolote lenye masega na sensa lililofika Afrika Mashariki miaka ya 1990 na kunywa petroli ya risasi lilikuwa linalishwa sumu kila siku. Vifaa vilikufa, watu wakavikata na kuvitupa, na huenda hapo ndipo tulipozoea kuona vitu hivi ni mapambo ya Wazungu yasiyo na kazi.

Sharti la pili ni kipimo. Masega ya aina ya kisasa, yanayosafisha gesi tatu kwa pamoja, hayafanyi kazi vizuri mpaka injini ichome hewa na petroli kwa uwiano mmoja tu: takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi kidogo yanashindwa kusafisha gesi hii, petroli ikizidi kidogo yanashindwa kusafisha ile. Na kabureta, kwa mapenzi yote tuliyo nayo kwake, hawezi kazi hiyo. Kabureta anakadiria tu, kama mama ntilie anayetia chumvi kwa mkono. Hapa alitakiwa mtu wa kuonja kila dakika na kusema ongeza, punguza, ongeza.

Mwonjaji huyo ndiye sensa ya oksijeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo 240 lililopelekwa California kama toleo la mwaka 1977. Ni udongo wa kauri ya zirkonia uliofinyangwa kama kidole cha glavu. Upande mmoja unagusa moshi, upande mwingine unagusa hewa ya nje. Ukipata moto wa nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme mdogo sana. Sayansi yake ni ya Walther Nernst, Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi umeme unashuka karibu volti 0.1. Oksijeni ikiwa haba unapanda karibu volti 0.9. Kompyuta inaangalia huo umeme ukipanda na kushuka, inaongeza au kupunguza petroli.

Naomba msimame hapa kidogo kwa sababu ndipo penye siri yote. Sensa hii haioni petroli. Haijui pampu, haijui nozeli, haijui plagi. Inajua kitu kimoja tu, oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikisema oksijeni ni nyingi, huo ni ushahidi wa harufu. Oksijeni imetoka wapi, hilo halikuwa swali lake.

Sasa kompyuta ikishaingia kwenye gari, tatizo jipya: kompyuta ikiharibika au sensa ikifa, dereva hatajua. Gari litaendelea kutembea, litatoa moshi mchafu tu, na sheria inavunjwa kimyakimya. Mwaka 1981 General Motors ilieneza mfumo wake wa kompyuta kwenye magari yake ya Marekani, ukiwa na taa ya injini kwenye dashibodi. Fundi aliunganisha matundu mawili ya plagi chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, hata kibanio cha karatasi, kisha akahesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni namba 12. Ilikuwa kama simu za upepo za zamani.

Toyota nazo za miaka ya 1990 zilikuwa hivyo hivyo, na mafundi wetu wakongwe wanalijua hili vizuri kuliko vijana wa mashine. Unafungua boneti, unatafuta kile kiboksi kilichoandikwa matundu yake, unaunganisha TE1 na E1, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu. Namba 21 sensa ya oksijeni, namba 25 hewa imezidi. Tazameni: hata enzi hizo zilikuwa namba mbili tofauti. Moja inahusu sensa yenyewe, nyingine inahusu kile ambacho sensa imekinusa. Mzee aliyekuwa anahesabu kwa macho alilazimika kujua tofauti hiyo.

CARB wakaona kila kampuni inajifanyia lugha yake. Wakaamuru kwamba magari yanayouzwa California kuanzia toleo la 1988 lazima yajichunguze yenyewe na kuwasha taa. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa OBD ya kwanza. Halafu mwaka 1989 wakapitisha ya pili, kali zaidi, ikaanza kuingia magari ya 1994, na kufikia toleo la 1996 kila gari dogo jipya Marekani nzima lilikuwa nayo. Plagi moja ya pini 16 karibu na magoti ya dereva, na namba za lugha moja kwa makampuni yote. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2000 na 2001. Na sheria ya Marekani ya 1990 ikaweka jambo ambalo mimi nalipenda sana: taarifa za matengenezo yanayohusu moshi lazima wapewe na mafundi wa nje, zisibaki kwa wakala wa kampuni peke yake. Ndiyo sababu leo kijana wa chini ya mwembe anaweza kununua kile kikopo kidogo cha kuchomeka, kinachozungumza na simu, akasoma gari la kampuni yoyote linaloijua lugha hiyo.

Lakini sasa soma sheria yenyewe ilivyotaka taa ifanye kazi. Kwa vifaa vingi, taa iwake pale hitilafu inapoweza kufanya gesi chafu zivuke mara 1.5 ya kiwango kilichoruhusiwa. Makosa mengi lazima yaonekane katika safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake, ili isipige kelele kwa jambo la bahati mbaya. Kosa lisipoonekana tena, kwa kawaida taa inazima yenyewe baada ya safari tatu safi, na kumbukumbu inafutika baada ya injini kuwashwa na kupata moto mara 40 hivi. Umeona neno "fundi" hapo? Umeona "sensa ibadilishwe"? Hakuna. Kipimo cha taa ni moshi. Aliyekusudiwa kuisoma ni msimamizi wa hewa wa California, ambako mpaka leo gari lenye taa inayowaka linafeli ukaguzi wa moshi. Wewe na mimi ni wasomaji wa pili, tumeazima barua iliyoandikwa kwa mtu mwingine.

Haya, tuchukue namba moja tuisome kama waraka: P0171. P ni injini na gia. Sifuri ni kwamba namba hii ni ya wote, si ya kampuni moja. Ile 1 inayofuata ni familia ya hewa na mafuta. Na 71 ndiyo shtaka lenyewe: hewa imezidi mafuta, upande wa kwanza wa injini, yaani upande wenye silinda namba moja. Basi. Haisemi sensa imekufa. Kinyume chake, ina maana kompyuta imeiamini sensa mpaka ikaishiwa nguvu. Imeongeza petroli, ikaongeza, ikaongeza, katika magari mengi mpaka kama asilimia 25 juu ya kawaida au zaidi, na bado sensa inasema oksijeni imejaa. Ndipo kompyuta ikanyoosha mikono na kuwasha taa. Sasa unapomng'oa mwonjaji kwa sababu amesema mchuzi hauna chumvi, unategemea chumvi ijitie yenyewe?

Linganisha na P0135. Hiyo inahusu umeme wa kile kijiwaya kinachopasha sensa joto. Hapo kweli sensa yenyewe ni mshukiwa, pamoja na fyuzi yake na waya zake. Namba zote mbili zinapita kwenye sensa ile ile, ila moja ni malalamiko ya sensa na nyingine ni malalamiko juu ya sensa. Kwenye vioo vya mashine nyingi zote mbili zinatokea kwa maandishi ya Kiingereza yaliyokatwa katwa, na mtu anashika lile neno analolijua.

Nilishuhudia hili kwa macho mwaka jana likizoni. Rumumeti wangu ana mjomba wake anayeendesha teksi, gari dogo la Kijapani la mwaka 2003. P0171 ilimkalia miezi minne. Sensa zimebadilishwa mbili, katika gereji mbili tofauti, na hesabu yake yeye mwenyewe ni kwamba hela ile ilikuwa ada ya muhula mzima ya binti yake. Yule mzee alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa gari. "Wanangu, mimi nimeshachoka, bora niuze nikalime," alituambia. Na gari ndilo linalolisha nyumba.

Aliyelitibu ni fundi kijana, mpole, asiye na bango. Kwanza hakufuta namba. Alisema, "Mzee, ukiifuta unafuta na ushahidi." Ni kweli, maana siku taa inawaka kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa: mwendo gani, injini ina joto gani, mzigo kiasi gani. Ile picha ilionyesha gari lilikuwa limesimama, injini iko kwenye sailensi. Pengine foleni tu. Halafu akawasha gari akaangalia ile hesabu ya petroli inayoongezwa. Kwenye sailensi ilikuwa asilimia 28. Akakanyaga resi mpaka mizunguko 2500 kwa dakika, ikashuka mpaka 6. Akatabasamu, akazima simu yake.

Sisi tukaomba darasa. Akasema: pampu ya mafuta ikichoka, au sensa ya kupima hewa inayoingia ikichafuka, mara nyingi tatizo linazidi kadiri injini inavyodai zaidi. Hapa limepungua. Maana yake kuna hewa inayoingia kwa wizi, baada ya ile sensa ya kupima hewa. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa. Kwenye resi hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi inamezwa humo. (Jamani, hiyo ni hoja ambayo profesa angeipa alama A.) Akaanza kupapasa lile bomba la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye filta ya hewa. Alipolikunja, mlio wa injini ukabadilika. Chini kabisa, kwenye mkunjo ambao jicho halifiki, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Gari likiwa limezimwa ufa unajifumba. Injini ikiwaka na kutikisika unafunguka.

Mpira wenye ufa! Kama vile vya Haagen-Smit. Bomba la mtumba likapatikana kwa hela ndogo, sehemu ndogo sana ya bei ya sensa moja. Namba ikafutwa sasa, baada ya matibabu. Baada ya wiki mbili tukapima tena, ile hesabu ilikuwa inacheza kwenye asilimia 3 na taa haijarudi.

Sisimulii hili ili kuwacheka wale mafundi wa mwanzo. Wana shida zao. Mteja amesimama kichwani kwao anataka gari leo, anataka aone kitu kimebadilishwa ndipo alipe. Fundi akitumia saa mbili kufikiri na kupapasa, kisha akasema ni ufa tu, mteja anauliza mbona bei kubwa kwa kazi ya kushika mpira. Sisi wenye magari (au wenye wajomba wenye magari) tumewazoesha mafundi kuuza vipuri badala ya kuuza akili.

Na kuna jambo la magari yetu wenyewe. Mengi tunayatoa Japani yakiwa yametumika, kwa kuwa wao na sisi tunapita kushoto. Japani ilikuwa na sheria zake kali za moshi, hasa ile ya 1978, kwa hiyo sensa na masega vilikuwemo kitambo. Lakini ile lugha moja ya namba ilikuwa amri ya Marekani, si ya kwao. Ndiyo maana kuna magari ya soko la Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yenye plagi ya pini 16 kabisa, ila ukichomeka kile kikopo cha bei rahisi kinakwambia hakijaona gari. Plagi ni ile ile, lugha ni nyingine. Hapo unahitaji mashine inayojua lugha ya kampuni, au mzee wa TE1 na E1. Gari halijafa na kompyuta haijaungua. Usikubali kuuziwa kompyuta kwa sababu ya lugha.

Kingine, cha wanaotaka kununua gari. Kabla ya kupiga stata, washa swichi tu. Ile taa ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishawaka. Ni kanuni iliyowekwa ili dereva ajue balbu ni nzima. Isipowaka kabisa, kuna mtu amemziba shahidi mdomo: ameichomoa balbu. Hapo hata kama muuzaji ni ndugu yako wa damu, muulize kwa upole.

Kwa hiyo siku namba ikirudi, yaani umeifuta na imekuja ile ile, usiseme mashine ni mbovu wala gari lina mkosi. Namba inayorudi ni shahidi asiyebadilisha maelezo mahakamani, na shahidi wa hivyo anastahili kusikilizwa. Muulize fundi maswali manne kabla hujatoa hela. Namba hii inailalamikia sensa, au ni sensa inalalamikia kitu kingine? Picha iliyohifadhiwa inasema gari lilikuwa linafanya nini? Petroli inaongezwa asilimia ngapi kwenye sailensi, na ngapi kwenye resi? Umekagua ufa wa mipira, na tundu la bomba la moshi kabla ya sensa? Maana tundu pale nalo huvuta oksijeni ya nje na kuidanganya sensa iliyo nzima. Akijibu manne hayo na bado akasema sensa, nunua sensa kwa moyo mweupe. Akikunja uso, mshukuru, lipia upimaji, ondoka na namba yako.

Watu wa Los Angeles walitafuta mchawi kwa karibu miaka kumi mpaka alipokuja mtu wa mananasi akauliza hewa yenyewe ina nini. Taa ile ni mtoto wa swali hilo. Ilitengenezwa iseme "kuna kitu hakiko sawa kwenye moshi", na imekuwa ikisema hivyo hivyo tangu wakati huo, kwa uaminifu. Kutafuta ni kazi yetu.

Haya, niwaache, kesho kuna semina saa moja asubuhi na sijagusa hata ukurasa mmoja. Mwenye mjomba mwenye taa inayowaka ampelekee salamu hizi.